Pikipiki ya theluji: mwongozo kamili kwa mtu wa Tanga anayehamia kwenye baridi

Mpwa wangu amepata chuo Kemi, kaskazini mwa Ufini. Alipopiga simu, baada ya shikamoo, swali lake la kwanza halikuhusu ada wala chakula. "Mjomba, ile pikipiki ya theluji inaendeshwaje?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Hapa namjibu kwa kirefu, yeye na kijana mwingine yeyote wa Tanga anayekwenda huko kusoma, kufanya kazi za msimu au kumfuata mwenza. Kemi na Tanga ni miji rafiki, miji miwili ya bandari, ila bahari ya mmoja huganda kila mwaka na ya mwingine haijui hata umande wa Lushoto.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kazi nilijifunza pale Deep Sea, Tanga, kwenye mashine za kuchanganya petroli na oili, kisha nikapata misimu minne ya baridi katika karakana moja ya pikipiki za theluji huko kaskazini. Jambo moja nililolielewa msimu wa kwanza ndilo nitakalolirudia humu: jina hili la pikipiki linapotosha. Kijana akipanda kwa mazoea ya bodaboda, ataumia. Mvuvi wa Sahare akipanda kwa mazoea ya boti, atafika. Theluji ina tabia za bahari, na anayeondoka juu yake anatakiwa aage watu kama anayekwenda kuvua.

Ijue mashine kabla ya kuigusa

Mbele ina skii mbili, yaani vibao virefu vya kuteleza, zinazogeuzwa na usukani kama wa pikipiki. Nyuma haina gurudumu. Ina cheni pana ya mpira, mfano wa ile ya katapila, yenye meno yanayouma theluji. Injini iko mbele ya magoti yako. Gia za kubadilisha hakuna: nguvu hupitia puli mbili na mkanda, kama skuta. Injini ikiongeza mzunguko, puli ya kwanza hubana mkanda na chombo huondoka chenyewe. Akseleta ni kijiti unachokisukuma kwa gumba la mkono wa kulia, na breki iko mkono wa kushoto. Mguu hauna kazi ila kukushikilia.

Fundi wa Deep Sea atakutana na ndugu zake wa zamani humu. Ndugu wa kwanza ni kamba ya kuzimia. Unaibana kwenye koti, na ukianguka inachomoka, injini inazima. Kwetu wengi huiacha inaning'inia kwenye mashine na hawaivai. Huko usithubutu. Ukianguka na akseleta imeganda ikiwa wazi, chombo kitakwenda peke yake hadi kigonge mti, nawe utabaki unatembea kwenye theluji ya kiunoni, nyuzi joto 25 chini ya sifuri.

Ndugu wa pili ni maji ya kupozea, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo mashine nyingi zinapouawa. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari. Ukiiwasha nchi kavu bila pipa la maji, inaungua. Pikipiki nyingi za theluji zina maji yake ndani, lakini maji hayo nayo hupozwa na theluji inayorushwa na cheni chini ya kiti. Theluji hiyo hiyo ndiyo inayolainisha reli za plastiki ambazo cheni huteleza juu yake. Sasa chukua chombo hicho ukikimbize kwenye barafu tupu inayong'aa kama kioo, au kwenye lami. Hakuna kinachorushwa. Taa ya joto inawaka, reli zinalainika na kuliwa. Nimebadilisha reli nyingi ambazo chanzo chake ni hicho tu: mwenye chombo aliona barafu safi akadhani ni barabara nzuri. Barabara nzuri ya chombo hiki ni ile yenye theluji ya kutosha. Ukilazimika kupita penye barafu kavu, nenda polepole, chepuka kila mara uingie theluji ya pembeni, na joto likipanda simama, chota theluji uirushe kwa sepetu chini ya kiti na kwenye reli.

La tatu litamshangaza hata fundi mzee. Nyingi za injini za kuchanganya hazina gia ya kurudi nyuma. Unabonyeza kitufe, injini inapungua hadi karibu kuzima, kisha umeme wa plagi unabadilishwa wakati na injini yenyewe inaanza kuzunguka kinyume. Mara ya kwanza nilidhani mtu amefunga nyaya vibaya.

Kwa nini watu wa huko wanaiona kama sehemu ya nyumba

Mwaka 1934, huko Valcourt katika jimbo la Quebec, Kanada, fundi kijana aitwaye Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe mdogo, Yvon. Mtoto aliugua tumbo, njia zilikuwa zimefunikwa na theluji, na hakukuwa na chombo cha kumfikisha hospitali. Baba alikuwa tayari anahangaika na mashine za kupita kwenye theluji. Baada ya msiba huo hakuziacha tena. Mwaka 1937 alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya chombo chake cha kwanza cha kuuza, kilichobeba watu 7. Vikafuata vya watu 12, vikatumika kubeba wagonjwa, barua, na watoto wa shule. Kile kidogo cha kupanda mtu mmoja au wawili, chenye jina la Ski-Doo, alikitoa mwaka 1959, miaka mitano kabla ya kufariki. Kijiji cha pwani ambako mjamzito huvushwa kwa boti usiku hakihitaji kuelezwa maana ya chombo hicho.

Katika miaka ya 1960 mashine ziliwafikia Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini, wanaofuga kulungu wa baridi kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Mchungaji aliyekuwa akienda kwa skii za miguuni, au akivutwa na kulungu mwenyewe, sasa alizunguka kundi kwa saa chache badala ya siku nzima. Lakini petroli ikawa deni. Aliyekuwa na fedha taslimu alibaki na kundi kubwa. Kati ya waliokosa, wengine waliacha ufugaji kabisa. Hapo nawaona wavuvi wetu wakati mashine zilipoingia kuchukua nafasi ya tanga: aliyeweza kununua mafuta alikwenda mbali, na mwenye ngalawa akabaki na maji ya karibu. Usiwasikilize wanaosema kifaa hiki ni mchezo wa matajiri tu. Alaska huko Marekani, na Nunavut kaskazini mwa Kanada, vipo vijiji ambavyo havina barabara ya kuviunganisha na vingine, na majira ya baridi mzigo, muuguzi na nyama ya mawindo vyote hufika juu ya tela la kuteleza linalovutwa na mashine hii.

Kemi kwenyewe utawaona wavuvi. Wanatoboa barafu kwa keekee kubwa, wanapitisha kamba chini kwa ubao maalumu unaotambaa ukigusa barafu kwa chini, kisha wanavuta nyavu kutoka tundu moja hadi jingine. Samaki, nyavu, keekee na chupa ya chai, vyote vinarudi ufukoni nyuma ya pikipiki ya theluji. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilitamani kaka zangu wa Mwarongo wangekuwapo.

Hatua ya kwanza: vaa

Usiniambie umeshapata baridi Lushoto mwezi wa saba. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nawe ukaenda kilomita 40 kwa saa, upepo huifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba ni nyuzi 34 chini ya sifuri. Ni ngozi iliyo wazi ndiyo inayoharibika, kwa hiyo kazi yako ni kutoacha hata kipande cha ukubwa wa sarafu.

Nguo ya kugusana na mwili iwe ya sufu au ile ya michezo inayotoa jasho. Pamba acha Tanga. Pamba hunywa jasho ikabaki nalo, na ukisimama jasho hilo linakuwa maji baridi mgongoni. Juu yake vaa sweta nene la sufu, kisha suti ya kuzuia upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo, vyenye soksi nene ya ndani inayotoka, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu na vidole huganda haraka. Mikono: zile glovu ambazo vidole vinne hukaa pamoja zina joto kuliko za kutenganisha. Chombo kina vishikio vya umeme vya kupasha moto, lakini usivitegemee; siku injini itakapozima navyo vitazima. Chini ya helmeti vaa kofia ya kufunika uso hadi shingoni, na miwani ya kuzuia upepo.

Kila mkisimama, tazamaneni usoni. Pua, mashavu na ncha za masikio ndivyo vinavyoanza. Ukiona doa jeupe lisilo na hisia, lifunike kwa kiganja chenye joto mpaka rangi irudi. Usisugue, na kamwe usisugue kwa theluji kama wengine wanavyoshauri. Unachana ngozi iliyoganda. Vidole vikiwa vimeganda sana, vipashwe ndani ya nyumba kwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na tu kama una hakika havitaganda tena njiani. Kisha hospitali. Na wewe mwenye ngozi nyeusi, doa hilo kwako laweza kuonekana la kijivu au kufifia tu, kwa hiyo usingoje weupe. Ganzi ikianza, chukulia kuwa ngozi imeanza kuganda.

Hatua ya pili: kuwasha asubuhi

Utaratibu huu nimewafundisha watu wengi na sikubali mtu auruke.

1. Tazama petroli na oili. Mashine nyingi za zamani za kuchanganya hutumia 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli, kipimo ambacho wavuvi wengi wanakijua. Za sasa zina tangi la oili peke yake. Oili iwe ya baridi; ya kawaida inakuwa nzito kama asali.

2. Ikomboe cheni. Usiku mzima imelala na huenda imegandana na ardhi. Tikisa skii kushoto na kulia, kisha shika kishikio cha nyuma uinue kwa magoti, si kwa mgongo. Ukiwasha na kuondoka kwa nguvu cheni ikiwa imeganda, unakata mkanda.

3. Jaribu akseleta na breki kabla injini haijawaka. Akseleta lazima irudi yenyewe kwa haraka. Theluji iliyoyeyuka jana ikaingia kwenye kebo, leo ni barafu.

4. Vaa kamba ya kuzimia. Vuta choki kama mashine ni ya kabureta. Vuta kamba ya kuwashia polepole mpaka uguse uzito, ndipo uvute kwa nguvu.

5. Iache inguruke dakika kadhaa. Kama una stendi ya nyuma, inua cheni izunguke polepole hewani, ikung'ute barafu. Asisimame mtu nyuma yake, kwa sababu cheni inaweza kurusha kipande cha barafu au chuma.

6. Kilomita ya kwanza nenda taratibu. Mkanda wa baridi ni mgumu na huvunjika kwa haraka ya dereva.

Petroli yenye maji kidogo, ambayo Tanga ingeleta kukohoa tu, huko huganda ndani ya mpira wa mafuta na kuziba kabisa. Tangi lijae wakati wote ili unyevu usipate nafasi, na madukani wanauza spiriti maalumu ya kutia ndani ya petroli.

Hatua ya tatu: kwenda na kugeuka

Kwenye njia iliyoshindiliwa chombo ni chepesi. Unakaa, unasukuma gumba kidogo, unaegemeza mwili upande unaokwenda. Skii zina vipande vya chuma kigumu chini yake vya kuuma barafu. Vikiisha, usukani unageuka na chombo kinanyooka. Breki inashika cheni peke yake, si skii, kwa hiyo ukiishika ghafla kwenye kona nyuma inateleza pembeni. Punguza kabla ya kona. Hili hata bodaboda analijua, ila hapa hakuna msamaha.

Theluji laini na ndefu ndiyo bahari yenye mawimbi. Chombo lazima kiende ili kielee. Ukiachia akseleta kabisa, kinazama palepale. Simama kwa miguu, goti moja juu ya kiti ukihitaji, sukuma uzito huku na huku, na uchague njia mapema kama nahodha anavyochagua mlango wa mwamba. Kugeuka iwe duara kubwa. Ukitaka kusimama, simama penye mteremko mdogo ukitazama chini, ili kuondoka kuwe rahisi.

Ukikwama, kosa la kila mgeni ni kusukuma akseleta kwa nguvu. Cheni inachimba shimo na chombo kinakaa kitako. Zima. Shuka. Ondoa theluji mbele ya skii na chini ya tumbo la chombo kwa sepetu, shindilia kwa miguu njia ya mita kadhaa mbele yake, vuta skii kwa pembeni mpaka chombo kikae juu ya theluji ngumu, kisha ondoka kwa akseleta ndogo iliyo sawa. Ni kazi ya dakika 20 na jasho jingi, kwa hiyo fungua zipu ya koti kabla ya kuanza kuchimba na uifunge unapomaliza.

Usiku unakuja mapema. Desemba, Kemi, kwenye saa nane mchana jua linazama. Taa ya chombo inaonyesha umbali fulani tu, na ukienda kasi kuliko umbali huo unaenda kipofu. Mkienda kundi, kila mmoja ana jukumu la kumwona aliye nyuma yake. Asipomwona, anasimama, wa mbele yake naye atasimama, na mwisho kundi zima litasimama. Sheria hii moja imewarudisha watu nyumbani.

Ukipelekwa kwenye milima, ya Norwei kwa mfano, somo linabadilika. Miteremko yenye mwinuko wa nyuzi 30 na zaidi inaweza kuachia poromoko la theluji, na uzito wa mashine unatosha kuliamsha. Wanaokwenda huko hubeba redio ndogo ya kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea na sepetu, na hupanda mmoja mmoja wengine wakitazama kutoka mahali salama. Usiende bila kufundishwa na mtu wa huko.

Hatua ya nne: barafu ya bahari

Hapa ndipo watu wanapofia, na hapa ndipo mtu wa pwani ana faida.

Barafu safi, yenye weusi kwa sababu unaona maji chini yake, ndiyo yenye nguvu. Kwa mtu wa miguu wanataka angalau sentimita 10. Kwa pikipiki ya theluji, sentimita 15 na kuendelea. Ya kijivu au nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo hesabu ya unene unaizidisha mara mbili. Barafu ya bahari ni dhaifu kidogo kuliko ya ziwa kwa sababu ya chumvi. Na theluji nyingi juu ya barafu changa ni blanketi: inaizuia isinenepe, huku ikikuficha nyufa.

Mzee mmoja mvuvi alinichukua nje asubuhi moja. Kabla ya kufika nyavuni alizima mashine, akachukua mtaimbo, akatembea mbele yangu akigonga barafu kila hatua chache. Hakusema neno. Mtaimbo ukitoa sauti kavu, aliendelea. Ulipotoa sauti ya kitu chepesi, alirudi hatua mbili na kuzunguka. Nilimkumbuka baba yangu akisoma rangi ya maji juu ya miamba ya Mwambani, kijani hapa, samawati pale, na chombo kikipita bila kugusa. Elimu ni ile ile, ila huyu anaisoma kwa sikio.

Sehemu za kuogopa unazijua tayari kwa majina ya kwetu: milango ya mito, mikondo kati ya visiwa, pembeni mwa mawe, chini ya madaraja. Kokote maji yanakokwenda kwa nguvu, barafu ni nyembamba. Ongeza moja ambayo kwetu haipo: njia ya meli. Meli za kuvunja barafu hufungua mlango wa kuingia bandarini, na unaweza kufunikwa na ngozi nyembamba ya barafu na theluji ukaonekana kama uwanja. Ujue uko wapi kwenye ramani kabla hujaondoka, na usikatize gizani. Majira ya kuchipua barafu bado ni nene lakini imeoza kwa ndani. Wakati huo unene haukuambii chochote.

Kuna adui mwingine anayeudhi zaidi ya kuua, ni uji wa barafu. Theluji nzito inaikandamiza barafu, maji yanapanda kupitia nyufa na kukaa chini ya theluji. Juu pameonekana peupe na pazuri. Msimu wangu wa pili nilisimama mahali kama hapo kupiga picha ya jua. Maji yalipanda hadi kwenye vikanyagio, chombo kikalala tumbo. Tulikitoa watu wawili kwa kamba na matawi ya msonobari, na tulipokifikisha pakavu cheni ilikuwa gogo moja la barafu. Ukihisi chombo kimekuwa kizito na nyuma yako kuna alama ya maji, usisimame na usigeuke. Shikilia mwendo uende moja kwa moja mpaka pagumu, ndipo uikung'ute cheni kabla haijaganda.

Shingoni vaa misumari ya kujiokolea, vishikio viwili vyenye ncha za chuma vilivyounganishwa kwa kamba. Barafu ikivunjika, mshtuko wa baridi utakufanya uheme kwa nguvu; dakika ya kwanza shughulika na pumzi tu. Kisha geukia upande uliotokea, kwa sababu barafu ile ilikubeba. Piga miguu kama unaogelea, choma misumari, jivute kwa tumbo. Ukitoka usisimame. Jibiringishe au tambaa mpaka umbali salama. Mashine waachie samaki.

Mzigo usioachwa

Kwenye sanduku la nyuma: mkanda wa akiba, plagi mbili na spana yake, kamba ndefu, sepetu ya kukunja, shoka dogo, kisu, kiberiti kwenye mfuko usiopitisha maji, mshumaa, glovu na soksi kavu, tochi ya kichwani, chakula chenye mafuta na chupa ya chai. Simu isikae kwenye sanduku. Ikae karibu na mwili, maana betri yake huisha ghafla kwenye baridi. Namba ya dharura Ufini ni 112, na ipo programu ya simu ya huduma hiyo inayotuma mahali ulipo. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Chombo kikiharibika, kaa nacho, tengeneza kinga ya upepo, ngoja. Anayetafutwa huonekana kirahisi akiwa kando ya mashine kuliko akiwa anatangatanga msituni.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Ufini lazima uwe na miaka 15 na leseni inayohusika, helmeti ni lazima kwako na abiria, kasi ni kilomita 60 kwa saa nchi kavu na 80 juu ya barafu ya maji. Juu ya barafu ya bahari na maziwa uko huru zaidi; nchi kavu unapita njia zilizowekwa au kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Norwei ni kali kuliko hapo: tangu sheria ya 1977, kuzurura kwa starehe nje ya njia zilizoruhusiwa kumekatazwa. Usibebe mazoea ya nchi moja kwenda nyingine.

Ukitaka kuifanya kazi ya ufundi

Kijana anayejua kufungua mashine ya boti hatakufa njaa huko, mradi ajifunze mkanda na puli. Malalamiko mengi ya "injini haina nguvu" niliyopokea hayakuwa ya injini. Mkanda umekwisha upana, au puli hazijanyooka, au zina uchafu. Pima upana wa mkanda kwa kulinganisha na mpya, futa nyuso za puli kwa kitambaa kisicho na oili, na mkanda mpya uuzoeshe taratibu kilomita 50 za kwanza. Ule wa zamani ulio mzima ndio unakuwa wa akiba. Cheni ipimwe kwa kuning'iniza uzito katikati kama kitabu cha mashine kinavyosema: ikilegea inaruka meno, ikikaza inakula nguvu na bearingi. Sehemu za springi zitie grisi mara kwa mara, maana maji huingia kila siku na kila usiku yanaganda.

Ukirudi jioni, usiegeshe juu ya theluji tupu. Weka mbao mbili au matawi, panda juu yake. Fagia theluji kwenye skii na springi kabla haijaganda.

Na barafu itakapoondoka, mwezi wa tano hivi, tia dawa ya kuzuia petroli isiharibike, puliza oili ya kuhifadhia ndani ya injini mpaka itoe moshi mzito, zima. Toa mkanda uuning'inize ndani. Legeza cheni, inua nyuma juu ya stendi. Ziba ekzosi na tundu la hewa kwa kitambaa, kwa sababu panya wa huko hupenda kujenga humo. Kitambaa kiwe chekundu na mkia wake ubaki nje mrefu, ili Novemba, theluji ya kwanza ikianguka na haraka ikikushika, ukione kabla hujavuta kamba.